Kanga na Kwale wa Pwani Yetu: Ni Nani Awahesabuye?

Msimu wa kuwinda kwa wenye leseni katika nchi yetu hufunguliwa mwezi wa Julai, masika yakisha kupita na nyasi zikianza kukauka. Siku hizo, hapa Bagamoyo na katika vijiji vinavyotuzunguka, toka Mapinga hata Saadani, maneno ya barazani huwa ni yale yale kila mwaka: je, mwaka huu kanga ni wengi au ni wachache? Mzee mmoja atasema ni wengi, kwani amewaona arobaini wakivuka barabara ya Msata. Mwingine atasema wamekwisha, maana konde lake la kunde halikuparuliwa hata mara moja. Kahawa hunywewa, kete za bao husukumwa, na swali hubaki pale pale lilipokuwa. Sisi twaona kuwa lastahili jibu lililo bora kuliko hilo, kwa sababu lawahusu wazazi na vijana wa nyumba zetu kuliko wanavyodhani.

Kwanza tuwajue ndege wenyewe. Kanga hana haja ya kujulishwa. Wazee husema leso za mama zetu zilipewa jina lake kwa ajili ya madoadoa meupe yaliyokuwa katika vitambaa vya mwanzo. Kororo ni ndugu yake wa msituni, ambaye pahali pa ile pembe ya kichwani amejaaliwa kishungi cha manyoya meusi yaliyosokotana. Huyu hapendi mbugani, hukaa ndani ya vichaka vizito. Kwale ni mdogo kuliko hao wawili, naye yuko wa namna nyingi: yuko mwenye koo jekundu lisilo na manyoya, yuko mwenye koo la manjano, na yuko yule mdogo mwenye kishungi, ambaye dume na jike hupokezana sauti alfajiri mpaka mtu akadhani ni kundi zima linaloteta. Tomboo ndiye mdogo wa wote. Wafasiri wengi wamesema kuwa ndiye salwa, yule ndege aliyeteremshiwa Wana wa Israili jangwani pamoja na manna. Kwale na tomboo, na jogoo wa uani, na tausi wa Bara Hindi, wote hao wana wa ukoo mmoja kwa hesabu ya wataalamu, na kanga ni jamaa yao wa karibu.

Tukitaka kutania kidogo, twaweza kusema kuwa ndege wa ukoo huu waliohesabiwa barabara katika Tanzania ni tausi wa Ikulu, ambao mwaka wa 2020 Rais Magufuli aliwagawia marais wastaafu, na mmoja wao, Rais Kikwete, ni mtu wa huku kwetu Msoga. Kanga wa mbugani hana karani.

Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Na kweli, mambo yake ya uzazi yataka utulivu wa nyumbani. Wakati wa kiangazi huenda kwa makundi makubwa, huja majini pamoja na kulala juu ya miti pamoja. Mvua ikianza, kundi huvunjika, kila dume na jike wakaenda zao. Jike hufukua kishimo ardhini chini ya nyasi, akataga mayai 6 hata 12, na mara nyingine majike mawili hutaga mahali pamoja, mtu akakuta mayai ishirini na zaidi akadhani ni miujiza. Huatamia muda wa wiki 4 hivi. Kifaranga akitoka yaini humfuata mama yake siku ile ile, na baada ya wiki 2 au 3 aweza kurukia tawi la chini. Ni katika wiki hizo chache ndipo wengi wao hufa. Mvua kubwa huwalowesha wakafa kwa baridi. Nguchiro, kenge, nyoka na mwewe nao huchukua fungu lao. Basi mwindaji atakayeingia porini mwezi wa Julai, akiba yake huwa imekwisha kuamuliwa katika Aprili na Mei, naye hana habari.

Na mvua zenyewe siku hizi hazina mizani. Mwishoni mwa mwaka wa 2022 mto Ruvu ulipungua hata jiji la Dar es Salaam likagawiwa maji kwa zamu. Mwaka uliofuata ikaja mvua ya El Niño, na masika ya 2024 yakaleta mafuriko, kisha mwanzo wa Mei kimbunga kilichoitwa Hidaya kikapiga pwani yetu. Mvua ikiwa haba, wadudu na mbegu huwa haba, na kanga wengi huacha kutaga. Ikizidi, viota huzama. Mwaka mwema kwa kanga ni ule wa masika ya wastani, yenye vipindi vya jua katikati. Ambaye angekuwa amewahesabu ndege hawa kila mwaka, toka ule wa ukame hata ule wa mafuriko, angekuwa leo na elimu ya thamani. Sisi hapa tuna visa vya barazani tu.

Wako watu duniani wanaofanya hesabu hiyo, na habari zao zatupa funzo. Katika Marekani yuko ndege mmoja wa jamaa ya kwale, mwenye mkia mrefu na rangi za kupendeza, asili yake ni China. Mwanzo wa miaka ya 1880 balozi mdogo wa Marekani aliyekuwa Shanghai aliwapeleka jimboni Oregon, wakafunguliwa wakazaana, na mwaka wa 1892 serikali ikaruhusu wawindwe. Baadaye wakaenea katika majimbo ya mahindi na ngano ya katikati ya nchi ile, mpaka ikawa kila mwaka maelfu ya watu husafiri kwenda kuwawinda, na wenye nyumba za wageni na maduka hungojea msimu ule kama wenye mashua wangojeavyo pepo.

Sasa, jimbo la Iowa limewahesabu kwa namna moja toka mwaka wa 1962. Katika nusu ya kwanza ya Agosti watumishi wa idara huendesha magari polepole jua likichomoza, katika njia zaidi ya 200 zilizochaguliwa, kila njia maili 30, ambazo ni kama kilometa 48. Wakati wao ni asubuhi za umande mwingi zisizo na upepo. Sababu yake ni hii: ndege hachukii kitu kama kulowa manyoya, basi umande ukiwa mzito nyasini mama huwatoa vifaranga kando ya barabara wapate kukauka, nao huonekana. Mhesabu huandika majike mangapi, majogoo mangapi, vifaranga wangapi. Mwisho hapati idadi ya ndege wote wa jimbo, wala hadai hivyo. Apatacho ni kipimo: mwaka huu kwa kila njia wameonekana wengi au wachache kuliko mwaka jana. Njia ni zile zile, saa ni ile ile, na umande ni ule ule, kwa hiyo tofauti ikitokea yamkini ni ya ndege wenyewe. Kwa kuchanganya hesabu hiyo na vipimo vya theluji na mvua, wamejua kwamba theluji nyingi ikifuatwa na mvua nyingi za wakati wa kutaga huwapunguza, na kabla ya msimu kufunguliwa kila mwindaji amekwisha kuambiwa atazamie nini.

Majirani zao wa South Dakota waliokuwa na hesabu kama hiyo waliiacha mwaka wa 2020. Miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kwamba idadi ndogo ikitangazwa huwavunja wawindaji moyo wasije na fedha zao. Hoja hii imetushangaza. Hatujapata kumwona mwenye duka aliyeacha kuhesabu fedha za sanduku kwa kuwa zimekuwa chache.

Tusidhani kwamba nchi yetu haijui kuhesabu. Iko taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI, ambayo huhesabu wanyama wakubwa kwa ndege za angani, wakikata mistari juu ya mbuga na kuandika waonacho pande zote mbili. Hesabu ya tembo ya mwaka wa 2009 ilipata tembo 109,051 nchini. Ile ya 2014 ikapata 43,330. Zaidi ya nusu walikuwa wametoweka katika miaka mitano, na ni tarakimu hizo zilizouamsha ulimwengu. Laiti pasingehesabiwa, mtu angesema ni wengi, mwingine ni wachache, na meno yangeendelea kupakiwa. Walakini kanga haonekani toka angani, na kwale ndiyo kabisa. Hawa wahesabiwa kwa miguu, kwa macho na kwa masikio.

Kwamba ndege wa namna hii aweza kuwa karibu na mtu asijulikane, iko habari moja ya nchini petu. Mwaka wa 1991 watafiti wa Kidenmark walikuwa katika milima ya Udzungwa. Wakala chakula kilichopikwa kambini, na katika sufuria wakaona miguu ya ndege isiyolingana na ya ndege yeyote waliyemjua. Wakamtafuta msituni wakampata: ni aina ya kwale wa msitu ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote, na jamaa zake wa karibu wako Asia, ng'ambo ya bahari. Mwaka wa 1994 akatangazwa kwa jina la kitaalamu. Basi kwa elimu alikuwa mgeni, lakini kwa sufuria hakuwa mgeni hata kidogo!

Tugeukie sasa sheria, maana hapa ndipo nyumba zetu zinapoguswa. Amri za kuwinda katika nchi hii si za jana. Mwaka wa 1896, zama za Wadachi, Gavana von Wissmann alikwisha kutoa amri ya leseni na ya mahali pasipowindwa. Waingereza wakaweka zao, na baada ya uhuru serikali yetu mwaka wa 1973 ilipiga marufuku uwindaji wote hata mwaka wa 1978. Sheria itumikayo leo ni ile Namba 5 ya mwaka wa 2009. Saadani, iliyokuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka wa 2005, na ndani ya Hifadhi ya Taifa hapawindwi kitu, si tembo si tomboo. Nje yake mtu huwinda kwa leseni, mahali alipoandikiwa, kwa idadi aliyoandikiwa. Asiye na karatasi hiyo akikutwa na nyama ya porini, au manyoya, au hata mayai, aweza kushitakiwa kwa kuwa na nyara za serikali.

Neno hili “nyara” vijana wetu hulicheka. Hudhani nyara ni pembe za ndovu. Hawajui kwamba kanga wawili waliofungwa miguu, walioning'inizwa kwenye usukani wa baiskeli toka Fukayosi, nao ni nyara. Tumepata kumwona baba akiuza mbuzi wake watatu ili kumtoa mwanawe katika mashitaka ya namna hiyo, na mtoto mwenyewe ana miaka kumi na saba, na alichokuwa akikitaka ni nauli ya kwendea Dar es Salaam.

Masika yaliyopita mwanafunzi wetu mmoja wa juzuu ya pili alikuja darasani amevua kofia, ndani yake mna mayai kumi na moja, akatuwekea juu ya meza kuwa ni hidaya ya mwalimu. Watoto wote walikuwa wakitazama uso wetu. Si rahisi kukataa zawadi ya mtoto aliyeamka alfajiri kwa ajili yako. Tuliwasimulia habari iliyopokewa na Abu Daud, ya masahaba waliochukua makinda mawili ya ndege wakiwa safarini, mama yao akaja akipigapiga mbawa juu yao, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Kisha tukamtuma mtoto, pamoja na mkubwa wake mmoja, wayarejeshe kichakani kabla jua halijapanda. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia baada ya siku chache kwamba zamani ya kaka yake walikuwa wakipata viota vinne asubuhi moja katika pori lile, na kwamba sasa yeye alitafuta siku tatu akapata kimoja. Hilo ndilo neno la kwanza lililotutia shaka ya kweli. Pori lile limekatwa mkaa pande mbili, na upande wa tatu pamelimwa mananasi.

Na liko jambo la mezani. Kuwinda ni halali katika dini yetu, na Sura ya Al-Maida imebainisha mipaka yake: aliyehirimia hawindi mnyama wa nchi kavu, na aliyekufa kwa kunyongeka ni haramu. Basi na tufikiri. Tanzi la waya au la nailoni hutegwa shingo. Kanga akijitahidi kujinasua huzidi kujikaza, na mtegaji akija asubuhi humkuta amekwisha kuwa baridi. Huyo ni mzoga, hata akipitishiwa kisu mara saba. Juu ya aliyekufa kwa marisawa kabla ya kuchinjwa, wanazuoni wamekhitalifiana, na wa madhehebu yetu ya Shafii wamekaza zaidi. Ndiyo maana wawindaji wa zamani walikuwa wakikimbia baada ya mlio wa bunduki wamdiriki yu hai. Nyama inayoletwa mlangoni usiku katika mfuko mweusi, ni mama gani amewahi kumwuliza muuzaji ilikufaje? Wengi huuliza bei.

Mkulima naye ana neno lake, na ni haki asikilizwe. Kanga hufukua mbegu za mahindi na kunde zilizopandwa jana, na kundi la ndege thelathini laweza kumrudisha mtu dukani kununua mbegu upya. Lakini kanga huyo huyo hula mchwa, panzi na kupe, na hufukua vile vitunguu vya ndago ambavyo jembe huvikata tu vikazidi kuzaa. Mtu wa Kiwangwa mwenye shamba la mananasi alituambia kuwa tangu aanze kupiga dawa za magugu na wadudu haoni kanga shambani, naye alisema hivyo kwa furaha. Hatukumjibu kitu, ila tuliuliza kama ndago zimekwisha. Akasema bado.

Basi tumeazimia, pamoja na walimu wenzetu wawili na vijana wakubwa wa madrasa, kuanza hesabu ndogo ya kwetu. Haitaki bunduki wala mashine. Yataka njia moja isiyobadilika, kwa mguu, kwenye mapito ya watu wote yaliyo nje ya hifadhi, saa moja isiyobadilika, na daftari. Tutakwenda polepole, wawili wawili, mmoja akitazama na mmoja akiandika. Akionekana ndege itaandikwa aina yake, wangapi, umbali wao toka njiani kwa hatua, na kama ni wakubwa au wadogo. Mdogo hujulikana kwa kichwa: pembe yake bado ni fupi, na kichwani mngali mna manyoya ya kitoto. Ule umbali una kazi yake. Ndege wa karibu huonwa wote, wa mbali hupotea nyasini, na mtaalamu akiona jinsi hesabu inavyopungua kwa kadiri ya umbali aweza kukisia waliofichika. Hiyo sisi hatuiwezi, lakini tutaiandika ili awezaye asikose cha kukokotoa.

Kwa kwale tutatumia sikio. Huanza kulia karibu na mapambazuko, na kwa kuwa saa ile tumekwisha kuamka kwa ajili ya sala, atakayetoka msikitini asimame mahali palipochaguliwa kwa dakika kumi, ahesabu ni pande ngapi sauti inakotoka. Mwezi wa Septemba, maji ya mabwawa yakipungua, tutawahesabu kanga jioni wakirejea katika miti yao ya kulala, maana hapo ndipo kundi huwa pamoja. Na mwenye leseni yeyote atakayewinda kwa halali katika wilaya yetu twamwomba atuambie jambo moja tu: katika kanga aliowapata, wangapi walikuwa wa mwaka huu na wangapi wakongwe. Wadogo wakiwa wengi, masika yalikuwa mema. Wakongwe wakiwa ndio wengi, basi msimu huu watu wanakula mtaji.

Juu ya msimu ujao hatuwezi kutabiri, kwa kuwa mwaka wa kwanza wa hesabu haulinganishwi na kitu. Wa pili waanza kusema, na wa tano waaminika. Yuko kijana aliyetuuliza kama siyo afadhali kufuga, kama watu wa Kenya walivyokimbilia tomboo miaka ya 2013 na 2014. Twamkumbusha kwamba mayai yale yalipanda bei kwa miezi, kisha yakakosa mnunuzi, na wengi wakabaki na matundu matupu na madeni. Anayetaka kufuga kanga na aombe kibali kwanza, aanze na wachache, wala asianze kwa kunasa wa porini.

Matembezi ya kwanza yatakuwa Jumamosi ya kwanza ya Juni, Inshallah, baada ya sala ya Alfajiri. Wasichana watakwenda na ustadhati wao katika njia ya upande wa mashambani, na wavulana katika ile ya kuelekea mtoni. Mzazi atakayemruhusu mwanawe ampe kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huenea ukipata maji, na viatu vya kufunika vidole, kwani saa ile nyasi huwa zimelowa.